Makhan Singh, Mpiga Chapa wa Nairobi Aliyedai Uhuru Mwaka 1950

Jumapili, tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni mjini Nairobi ulijaa watu. Kenya African Union, chama cha Waafrika, na East African Indian National Congress, chama cha Wahindi, vilikuwa vimeitisha mkutano wa pamoja kuwapinga walowezi wa Kizungu, ambao walizidi kudai mamlaka juu ya nchi. Maazimio yaliyoandaliwa yalipinga hili na kuomba lile, kwa lugha ambayo serikali ilikuwa imeizoea. Ndipo akasimama Singasinga mmoja mwenye kilemba na ndevu, akataka jambo moja liongezwe: nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili na ziwe na mamlaka yao wenyewe. Fred Kubai, kiongozi wa madereva na wachukuzi wa Nairobi, akaunga mkono. Mkutano ukapitisha.

Leo neno hilo halimshtui mtu. Mwaka ule lilishtua. Baraza la kutunga sheria la Kenya lilikuwa na Waafrika wanne tu, wote wa kuteuliwa na gavana, na wanasiasa wengi walikuwa bado wanabishania idadi ya viti. Aliyeruka ngazi zote hizo na kudai nchi nzima alikuwa mpiga chapa aliyezaliwa Punjab, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi ambalo serikali ilikuwa imekataa kulisajili. Siku 22 baada ya mkutano wa Kaloleni alikamatwa. Alipoachiliwa ilikuwa Oktoba 1961. Ni wanasiasa wachache sana wa Kenya waliofungiwa na Mwingereza kwa muda mrefu namna hiyo, na bado ni Wakenya wachache waliosoma habari zake shuleni.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, sehemu ya Punjab ambayo sasa iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Mwaka 1920 alivuka bahari kwenda Kenya kufanya kazi katika reli, njia iliyokuwa imepitwa na wengi kabla yake: zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kwa mkataba kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Mafundi waliokuja baadaye, kama Sudh Singh, walikuja kwa hiari yao, lakini walikuta reli ile ile na wakubwa wale wale. Yeye mwenyewe alishiriki katika chama cha mafundi wa reli, kisha akaacha kazi na kufungua kiwanda kidogo cha chapa. Mkewe na mwanawe walimfuata Nairobi mwaka 1927. Kijana alikuwa na umri wa miaka 13.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imekatwa vipande kwa rangi. Wazungu walikaa vilimani kwenye upepo, Wahindi walikuwa na mitaa yao, na Waafrika walihesabiwa kuwa wageni wa muda walioletwa na kazi na waliopaswa kuondoka kazi ikiisha. Mshahara nao ulikuwa na rangi tatu: kazi ile ile ililipwa viwango vitatu kufuatana na ngozi ya mfanyaji. Mwafrika mwanamume alilazimika kutembea na kipande, cheti cha alama za vidole na majina ya waajiri wake, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Fundi wa Kihindi hakuvaa kipande. Kuwatenganisha watu hawa, kila mmoja na malalamiko yake na woga wake, kulikuwa sehemu ya ufundi wa kutawala.

Makhan Singh alisoma katika shule ya serikali ya Wahindi, ambayo leo ni Jamhuri High School, akafaulu mtihani wa mwisho mwaka 1931, kisha akaingia kazini katika kiwanda cha baba yake. Alikuwa tayari anajulikana kwa mashairi aliyotunga kwa Kipunjabi na kuyasoma mbele ya waumini hekaluni. Kazi ya chapa ilimfaa. Mtu anayepanga herufi za risasi moja moja hujifunza kusoma kila neno kwa makini, na hujifunza pia kwamba karatasi moja ikichapwa usiku inaweza kuwa mikononi mwa watu elfu ifikapo asubuhi. Miaka yote ya harakati zake, vipeperushi vya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo, vilitangulia kila mkutano na kila mgomo.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoifikia Kenya, waajiri wa Nairobi walikata mishahara na kurefusha saa za kazi. Waliofanya kazi za ujenzi waliumia zaidi: maseremala, waashi, wapaka rangi, wengi wao Wapunjabi. Mwaka 1934 walianzisha chama kilichoitwa Indian Trade Union, na Machi 1935 wakamchagua Makhan Singh, kijana wa miaka 21, kuwa katibu. Mwezi uliofuata chama kilibadilisha jina. Kikawa Labour Trade Union of Kenya, na katiba yake ikamfungulia mlango mfanyakazi yeyote, bila kuuliza kabila, dini wala rangi.

Badiliko hilo dogo la jina ndilo msingi wa kila alichofanya baadaye. Hata hivyo haifai kulipamba kupita kiasi. Mlango ulifunguliwa kwenye karatasi, lakini kwa miaka michache ya mwanzo waliopita walikuwa karibu wote mafundi wa Kihindi. Mfanyakazi wa Kiafrika, ambaye kuacha kazi tu kabla ya mkataba kwisha kungeweza kumpeleka jela, hakuwa na sababu ya kuwaamini haraka watu ambao alizoea kuwaona dukani nyuma ya kaunta au kwenye jengo wakiwa mafundi na yeye kibarua. Uaminifu huo ulibidi uchumwe.

Ulianza kuchumwa kwa ushindi. Mwaka 1936 chama kiliwaarifu waajiri kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba wanachama wake watafanya kazi saa nane kwa siku. Waajiri wengi walikubali. Aprili 1937 chama kikadai nyongeza ya mshahara, na safari hii kampuni za ujenzi zikakaza shingo. Mafundi wakaweka chini msumeno na mwiko kwa siku 62. Miezi miwili bila mshahara, katika mji ambao mfanyakazi alikaa chumba cha kupanga na familia yake yote, ni muda mrefu. Walipikiana, walichangiana, wakavumilia. Mwanzoni mwa Juni waajiri walisalimu amri na kukubali nyongeza za kati ya asilimia 15 na 22. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi, na chama hicho, ambacho sasa kilijiita Labour Trade Union of East Africa, kikasajiliwa. Habari za mgomo zilisafiri na reli, zikafika Mombasa, Kampala na kwingineko.

Kisha pwani ikawaka. Julai na Agosti 1939 wafanyakazi wa Kiafrika wa Mombasa waligoma, wakianza na vibarua wa serikali mpaka makuli wa bandarini, wakilalamikia mshahara na kodi za nyumba zilizokuwa zikiwala. Kufikia wakati huo chama cha Makhan Singh kilikuwa kimeshakubaliana na watu wa Kikuyu Central Association (KCA), chama cha siasa cha Wakikuyu. Katika mkutano wake mkuu wa Nairobi mwaka huo, Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa KCA, waliingia katika uongozi wa chama. Hatua hiyo ilikuwa na mfano wa nyuma: mwaka 1922, Harry Thuku alipokuwa akiwakusanya watu dhidi ya kipande na kodi, alisaidiwa na Manilal Desai, Mhindi mwenye gazeti. Tofauti ni kwamba Desai alimsaidia Thuku kama rafiki wa nje. Kariuki na Ndegwa walikaa meza moja na Makhan Singh wakiwa viongozi wa chama kimoja.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India, akajiunga na harakati za wafanyakazi wa viwanda huko. Mei 1940 serikali ya Kiingereza ya India ilimtia kizuizini bila mashtaka. Alikaa ndani mpaka 1942, kisha akaamriwa asitoke kijijini kwao mpaka 1945. Alipoachiliwa alifanya kazi katika gazeti la Kipunjabi la chama cha Kikomunisti. Jambo hilo lilimfuata maisha yake yote, na yeye hakuwahi kulificha. Kwake ukomunisti ulikuwa na maana nyepesi kueleza: anayefanya kazi ndiye mwenye nchi, na mkoloni wa Bombay na mkoloni wa Nairobi ni mmoja.

Alirudi Kenya Agosti 1947, mwezi ambao India ilipata uhuru na kugawanywa, huku kijiji alichozaliwa kikiangukia upande wa Pakistan. Serikali ya Kenya haikumngoja apumzike. Ilimtaka aondoke nchini kwa kuwa hatakiwi. Alikataa, akapelekwa mahakamani, na amri za kumfukuza zikashindwa kumng'oa.

Kenya aliyorudia haikuwa ile aliyoiacha. Januari 1947 Mombasa ilikuwa imesimama kabisa kwa siku 12. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata wapishi na madobi wa majumbani, waliacha kazi na kukusanyika kila siku katika uwanja wa mpira ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo lilipozaliwa African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, alikwenda kuwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba malalamiko yao yatasikilizwa. Yalisikilizwa na baraza la usuluhishi chini ya jaji mmoja, Ransley Thacker, na sehemu ya madai ikakubaliwa. Lakini Agosti, Kibachia alipoanza kupeleka chama bara, alikamatwa na kuhamishiwa Kabarnet, alikokaa miaka 10.

Jina la Thacker litarudi.

Kwa Kibachia kuondolewa, pengo lilikuwa kubwa, na Makhan Singh alilijaza pamoja na Fred Kubai. Kubai alikuwa mzaliwa wa pwani, aliyewahi kufanya kazi ya simu za upepo, na sasa alikuwa akiongoza chama cha wafanyakazi wa usafiri. Wawili hawa walifanana kidogo sana. Kubai alikuwa mtu wa mtaa, mwenye sauti, aliyewajua madereva wa teksi kwa majina na vijana wa Pumwani kwa sura. Makhan Singh alikuwa mtu wa mafaili, asiyetupa karatasi, anayejua kifungu gani cha sheria kinasema nini. Tarehe 1 Mei 1949, Sikukuu ya Wafanyakazi, walianzisha East African Trades Union Congress, Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Washonaji nguo walikuwemo, washona viatu, wapiga chapa, madereva. Ofisi ilikuwa Kiburi House, barabara ya Grogan, ambayo leo ni Kirinyaga Road. Jengo hilo lilikuwa la Waafrika wenyewe, na kila mwenye kesi na bosi wake alijua njia ya kufika.

Serikali ilikataa kulisajili shirikisho hilo. Ilitaka vyama vidogo vidogo, kila kazi na chake, visivyozungumza siasa. Afisa mmoja wa Kiingereza wa chama cha wafanyakazi angeweza kueleza, kwa moyo safi, kwamba huko kwao chama kinashughulika na mshahara na bunge linashughulika na siasa. Lakini mfanyakazi wa Nairobi hakuwa na bunge. Mshahara wake uliwekwa chini na sheria, mahali pake pa kulala paliamuliwa na manispaa, na safari yake kutoka kijijini mpaka kiwandani ilitawaliwa na polisi. Aliyegusa mshahara alikuwa ameshaigusa serikali. Hilo Makhan Singh aliliona mapema na kwa uwazi kuliko wanasiasa wengi waliovaa suti.

Oktoba 1949 madereva wa teksi waligoma kupinga sheria ndogo za manispaa. Machi 1950 ukaja mtihani mkubwa zaidi. Mfalme wa Uingereza alikuwa ameipa Nairobi hadhi ya jiji, na Duke wa Gloucester alikuja tarehe 30 Machi kukabidhi hati. Mji ulipambwa. Shirikisho likawataka wafanyakazi wasihudhurie, likieleza kwamba Nairobi ziko mbili, ya matajiri na ya maskini, na kwamba ile ya pili haina cha kusherehekea. Wakulima wa Kiambu walikuwa na hofu yao pia: kwamba jiji likipanuka litameza mashamba yao. Wito ulisikika Pumwani, Shauri Moyo na vijijini, na serikali ikaanza kuona kwamba mpiga chapa huyu ana watu.

Wiki tatu baadaye ndipo aliposimama Kaloleni.

Jumatatu, tarehe 15 Mei 1950, Makhan Singh na Kubai walikamatwa. Walishtakiwa kwa kuwa viongozi wa chama kisichosajiliwa ambacho kilipaswa kuvunjwa. Siku iliyofuata Nairobi haikwenda kazini. Mgomo ulidumu siku tisa, na kwa hesabu ya Makhan Singh mwenyewe uliwagusa wafanyakazi zaidi ya 100,000, kwani ulitoka nje ya jiji ukafika miji mingine, Mombasa ikiwemo. Polisi walitumia mabomu ya machozi. Magari ya deraya yalipita mitaani na ndege za jeshi zikaruka juu ya mitaa ya Waafrika kuwatisha watu.

Madai ya wagomaji yanafaa kuangaliwa kwa utulivu, maana yanaonyesha jinsi mkono wa Makhan Singh ulivyokuwa umepita. Viongozi waachiliwe. Sheria ndogo za teksi zifutwe. Kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Afrika Mashariki ipewe uhuru. Dereva aliyetaka kuondolewa usumbufu wa polisi na mzalendo aliyetaka nchi walikuwa wameweka madai yao katika orodha moja, na hakuna aliyeona ajabu. Kuhusu shilingi 100, waajiri waliliona ombi la wazimu. Miaka minne baadaye, mwaka 1954, kamati ya serikali yenyewe chini ya F. W. Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika wa mjini haukuwatosha mke na watoto, ikapendekeza upandishwe mpaka ulishe familia.

Mgomo ulivunjwa kwa nguvu na kwa njaa. Makhan Singh alipelekwa Nyeri kusikilizwa, kwa kuwa serikali ilikuwa inataka amri ya kumzuilia mahali mbali. Jaji alikuwa Ransley Thacker. Mbele yake mshtakiwa hakujitetea kama mtu anayeomba huruma. Alisema waziwazi kwamba ni Mkomunisti na kwamba Uingereza haina haki ya kutawala Kenya. Jaji akapendekeza azuiliwe. Mwanzoni mwa Juni amri ikatiwa saini na mtu huyo akapelekwa Lokitaung, Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia, penye mawe, jua na upepo wa vumbi. Ni Thacker huyu huyu, akiwa amestaafu, ambaye Desemba 1952 aliketi Kapenguria kumsikiliza Jomo Kenyatta na wenzake watano. Aprili 1953 aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kubai alikuwa miongoni mwao. Wafungwa hao nao walipelekwa Lokitaung.

Kwa hiyo yule aliyetamka neno uhuru Kaloleni alitangulia jangwani kabla ya watu ambao nchi inawakumbuka kwa kufungwa huko. Miaka ya hali ya hatari, serikali ilipopambana na uasi wa Waafrika, ilipita akiwa hayupo. Alihamishwa Maralal, kisha Dol Dol huko Laikipia. Hakuwa na hukumu yenye mwisho: mfungwa wa Kapenguria alijua miaka saba, yeye alijua tu kwamba gavana hajaamua. Mkewe, Satwant Kaur, alibaki Nairobi na watoto, akiendesha nyumba katika jamii ambayo baadhi ya watu wake waliogopa kuonekana wakisalimiana na familia ya Mkomunisti. Harakati za wafanyakazi zina wake wengi wa namna hii, na historia huwataja kwa sentensi moja. Hapa pia imekuwa hivyo, na si haki.

Wakati huo vyama vya wafanyakazi vilishika njia nyingine. Makada wa shirikisho la 1949 walikuwa wameingia katika siasa za Nairobi: Kubai na Bildad Kaggia, karani aliyewahi kuwa askari wa vita vya pili, waliteka tawi la Kenya African Union la jiji mwaka 1951, na mwaka uliofuata wote wawili walikuwa mahabusu. Aliyejenga upya kutoka magofu hayo alikuwa Tom Mboya, kijana hodari kupita kiasi, aliyeongoza Kenya Federation of Labour kwa msaada wa vyama vya wafanyakazi vya nchi za Magharibi. Mboya aliwatetea watu chini ya sheria za hatari, wakati kusema tu kulihitaji ujasiri, na sifa hiyo ni yake. Lakini shirikisho lake lilizaliwa katika vita baridi, likiwa na marafiki ambao hawakumtaka Mkomunisti mezani.

Oktoba 1961 Makhan Singh alirudi Nairobi. Alikuwa na miaka 47. Uhuru sasa ulikuwa unazungumzwa mpaka sokoni, na walioucheka mwaka 1950 walikuwa wanapanga safari za kwenda London kuujadili. Alijiunga na chama cha KANU. Alikaribishwa kwa heshima na waliomjua, akapigwa picha, akahutubia. Kisha kimya. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipopandishwa, hakuwa na cheo, na miaka iliyofuata hakupewa cheo chochote, si serikalini, si katika vyama.

Kwa nini? Wapo wanaosema ni rangi yake, na kweli rangi ilikuwapo: baada ya uhuru ilikuwa rahisi kumsahau Mhindi aliyekuwa pamoja nasi kwa kuwakumbuka Wahindi wengi ambao hawakuwapo. Lakini rangi peke yake haitoshi. Kubai na Kaggia walikuwa Wakikuyu na walifungwa pamoja na Kenyatta, na bado Kaggia, alipodai ardhi ya bure kwa waliopigania nchi, alipoteza wadhifa wake serikalini mwaka 1964. Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, mwanaharakati wa mrengo wa kushoto na mbunge, alipigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Mwaka huo huo serikali iliyavunja mashirikisho ya wafanyakazi yaliyokuwapo na kuunda moja, COTU, ambamo rais wa nchi alikuwa na sauti kuhusu nani awe katibu mkuu. Mwaka 1966 Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais. Upande wote wa kushoto ulikuwa unasukumwa nje ya uwanja. Makhan Singh hakuwa na jimbo wala kabila la kumpigia kura, hivyo hakukuwa na haja hata ya kumsukuma. Ilitosha kutomwita. Kama jambo hili linamuuma msomaji leo, linamuuma ipasavyo. Nchi ilichukua shauri la mtu huyu neno kwa neno, ikamwacha nje ya mlango.

Yeye hakulalamika hadharani. Alirudi kwenye karatasi zake. Tangu 1935 alikuwa ameweka kila kitu: kumbukumbu za mikutano, vipeperushi, barua kwa waajiri, majibu ya serikali, orodha za wanachama. Kwa mafaili hayo, na kwa subira aliyojifunza akipanga herufi, aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya mpaka 1952, ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Ni kitabu kizito, kisicho na mapambo. Anajitaja mwenyewe kwa uchache wa kushangaza, na mara nyingi nafasi hiyo anawapa wengine: fundi fulani, karani fulani, dereva fulani, jina kamili na tarehe. Watafiti waliofuata, waliopenda na wasiopenda siasa zake, wote walilazimika kupita humo, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameweka kumbukumbu hizo. Yale mafaili yenyewe yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Alifariki dunia tarehe 18 Mei 1973, Nairobi, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 59. Zarina Patel alichapisha wasifu wake mwaka 2006, ndipo kizazi kipya cha Wakenya kikaanza kusikia kwamba mtu kama huyo alikuwepo. Juzuu ya pili ya historia yake, ambayo alikuwa ameiacha katika muswada, ilihaririwa na mwanahistoria Bethwell Ogot na kutoka mwaka 1980. Inashughulikia miaka ya 1952 hadi 1956, miaka ambayo yote mwandishi wake aliipitisha kizuizini kaskazini, na inakomea hapo.